"Mimi siombi msaada, nataka wanisaidie"

Mama mmoja aliingia kibandani kwangu Tandika Jumatatu moja asubuhi, sijawasha hata printa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja na kuipakata bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba mayai. "Mwanangu," akasema, "nisaidie barua."

Huo ni usemi wa kila siku hapa kwangu. Steshenari hii ina mwaka wa 11 sasa: natoa fotokopi, napiga picha za paspoti, nachapa wasifu wa kazi, mikataba ya kupangisha chumba, na barua. Bei imebandikwa ukutani. Hata hivyo sikumbuki mteja aliyewahi kuniambia "niuzie barua." Wote husema nisaidie.

Mjukuu wake wa miaka 9 alikuwa amegongwa na bodaboda, akavunjika paja. Alikuwa wodini akisubiri kuwekewa chuma, na chuma hicho familia ilitakiwa kukilipia. Mtu akamwelekeza kwenye ofisi moja ambayo huwa inatoa fedha kwa shida za namna hiyo: aandike barua, aambatanishe karatasi za hospitali na utambulisho wa mwenyekiti wa mtaa. Nikafungua ukurasa, vidole vikaenda vyenyewe kama vilivyozoea. Anuani, S.L.P., tarehe, kisha kwa herufi kubwa, YAH: OMBI LA MSAADA WA MATIBABU. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikamsomea.

Akanyamaza kidogo. "Hapo pa msaada patoe," akasema. "Mimi siombi msaada. Nataka wanisaidie."

Nikamwambia, mama, mbona ni kitu kimoja hicho. Akatikisa kichwa. "Si kimoja, mwanangu."

Jibu hilo halijanitoka. Shuleni tulifundishwa kwamba jina na kitenzi vya shina moja ni pande mbili za sarafu: ukiimba ni wimbo, ukicheza ni mchezo, ukisaidia ni msaada. Mama yule, ambaye barua yake alitia sahihi kwa dole gumba, alisikia tofauti ambayo mimi mwenye kuuza maneno sikuwa nimeisikia. Nikaanza kulifuatilia neno lenyewe, mtaani kwanza, halafu vitabuni.

Mtaani liko kila mahali. Mtoto anatumwa dukani, anafika na sarafu imelowa jasho kiganjani: "Mangi, nisaidie kiberiti." Kwenye daladala, konda akijisahaulisha, abiria anamgusa bega: "Kaka, nisaidie chenji yangu." Chenji ni yake, haki yake kabisa, na bado anaomba asaidiwe. Mama ntilie anaambiwa nisaidie maji ya kunawa, fundi cherehani anaambiwa nisaidie hii suruali hadi Ijumaa. Mgeni akisikia atadhani jiji zima linaombaomba. Haliombi. Mtu anayesema "nisaidie" anakiri kwamba aliye mbele yake ana mikono yake na ana shughuli zake, na kwamba atakapogeuka kumpa kile kiberiti atakuwa amefanya jambo. Fedha italipa kiberiti. Kule kugeuka kunalipwa kwa neno.

Neno hilohilo linaweza kuuma. Nani hajawahi kusimama kwenye dirisha la ofisi, aliye ndani akaendelea na simu yake, halafu akanyanyua macho na kusema, "Nikusaidie nini?" kwa sauti inayomaanisha ondoka? Kwa masikio yangu hiyo ni mojawapo ya sentensi zinazotia uchungu kwa Kiswahili, kwa sababu maneno ni ya ukarimu mtupu na sauti imeyapindua.

Kisha kuna kujisaidia. Tulikuwa na adabu ya kutosha kutotaja haja kwa jina lake, tukakopa neno hili. Nalipenda kwa sababu moja: linatukumbusha kwamba kuna shughuli ambayo mtu mzima anatarajiwa kuifanya bila mkono wa mwenziwe, na kwamba kichanga, mgonjwa na mzee sana hawaiwezi. Mwaka wa mwisho wa baba yangu hakuweza kujisaidia mwenyewe. Niliposema sentensi hiyo kwa mara ya kwanza mbele ya ndugu, nilisikia maana zake mbili kwa pamoja.

Na kuna kazi yenye jina hili: saidia fundi. Hapa Dar es Salaam kila mtu anaijua. Nilipomaliza kidato cha nne, mwaka 2003, niliifanya kwa miezi minane kule Chamazi, nyumba zilipokuwa zinaota kama uyoga. Saidia fundi anachekecha mchanga, anachanganya udongo, anabeba tofali, anachota maji, anasogeza jukwaa. Kazi imeitwa kwa kitenzi kizima cha kuamrisha, saidia, kana kwamba mtu aliyeajiriwa ni ile amri yenyewe. Fundi akiwa juu anapiga lipu hageuki nyuma. Anashusha mkono tu, nami napandisha karai la udongo mpaka vidole vyake vishike ukingo. Karai likiwa zito na jukwaa likiyumba, ananishika hapa, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na mimi namshika palepale, mpaka karai litulie. Naomba msomaji apakumbuke mahali hapo pa mkono, maana tutaparudia.

Saidia ni neno tulilolipata kwa Waarabu, katika karne nyingi za jahazi na biashara na dini katika pwani hii. Kwao ni *saa'ada*, na mzizi wake ni herufi tatu: sini, aini, dali. Sisi tuliosoma chuo utotoni tuliimba herufi hizo bila kujua zimebeba nini. Zimebeba heri, yaani bahati njema na furaha. Ndiyo maana zimezaa majina yaliyojaa mitaani kwetu: Saidi, Saada, Masudi. Anayemwita mwanawe Saidi amemwombea heri. Hata jiji hili limeguswa: Sultani wa Zanzibar aliyeanza kulijenga katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, aliitwa Majid bin Said.

Lakini mzizi huohuo umebeba kitu kingine, cha mwilini. *Saa'id* kwa Kiarabu ni kigasha, sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Ibn Manzur, mtunga kamusi mkubwa wa Kiarabu aliyefariki mwaka 1311, amenukuu maelezo kwamba kusaidiana kumeitwa hivyo kutokana na mtu kuweka mkono wake juu ya kigasha cha mwenziwe wanapokwenda pamoja kwenye haja yao. Niliposoma hapo niliacha kitabu, nikautazama mkono wangu. Miaka zaidi ya ishirini imepita tangu Chamazi, na kumbe tulikuwa tunaitenda maana ya neno pale juu ya jukwaa, mimi na fundi wangu, na udongo ukitudondokea machoni.

Mtunga kamusi huyo ana jambo jingine ambalo lilinigusa zaidi. Waarabu wa kale walikuwa na neno ndugu wa hilo, *is'aad*, ambalo halikuwa la kila aina ya msaada. Lilikuwa la wanawake na la msibani. Mwanamke akifiwa, jirani zake walikuja kuinuka pamoja naye na kulia naye, na siku msiba ulipohamia kwa mmoja wao, yeye naye alitakiwa kwenda kulipa. Uislamu ulipokuja ulikataza kuomboleza kwa namna hiyo, na katika Hadithi kuna mwanamke aliyesema kwamba fulani alimsaidia kulia, anataka kwanza akamlipe. Hebu tulia na huyo mwanamke kidogo. Zimepita karne kumi na nne, na mtu wa Tandika anamwelewa bila tafsiri yoyote.

Maana sisi tunaishi humohumo. Baba alipofariki, mwaka 2016, hatukuwa tumemaliza kulia wakati turubai lilipofika. Sikujua nani aliliagiza. Viti vya kukodi vikapangwa barabarani, wanawake wakatandika majamvi ndani, sufuria kubwa zikatoka katika nyumba tatu tofauti. Kijana ambaye tulikuwa tumegombana naye wiki mbili kabla kuhusu mfereji wa maji machafu ndiye alikwenda makaburini na jembe. Na mezani, karibu na mlango, palikuwa na daftari la ubani: jina, kiasi, jina, kiasi, shilingi 2,000, shilingi 5,000, shilingi 1,000. Mama analihifadhi daftari lile kabatini mpaka leo, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja. Kukitokea msiba mtaani analitoa, anavaa miwani, anapitisha kidole mpaka alione jina. "Huyu alituletea elfu tano," anasema, "na alikesha usiku wa kwanza." Elfu tano imeandikwa. Kukesha hakukuandikwa popote, isipokuwa kichwani mwa mama, na ndiko anakokuheshimu zaidi.

Kuna wanaoudhika na daftari hilo. Wanasema huo si wema, ni deni, ni kama upatu wa machozi. Mimi siafikiani nao. Deni la benki linakufanya mdogo mbele ya anayekudai. Deni la msibani linakufanya jirani. Usipokuwa nalo kwa mtu yeyote, siku ukifa watauliza nyumba ile ilikuwa ya nani.

Sasa turudi kwenye sarufi kidogo, kwa sababu nadhani mama wa barua alikuwa anaisikia sarufi. Vitenzi tulivyovichukua kutoka umbo hilo la Kiarabu kwa kawaida huishia na -i: safiri, bariki, ahidi. Kwa utaratibu huo tungetegemea kusema "saidi." Hatusemi. Tunasema saidia, na sikio langu linasikia hapo kauli yetu ya kutendea, ile ya pika na pikia, leta na letea. Mtu anaweza kupika peke yake kwa kujifurahisha. Ukisema anampikia, tayari kuna mwenziwe aliyekaa anasubiri. Saidia haina umbo la upweke. Tangu neno lilipoingia katika lugha yetu tulilifunga pamoja na mtu wa pili, na tukaliongezea tamko letu la kupokezana: saidiana.

Walimu wa lugha nao wamelitumia vizuri. Katika "alikuwa anasoma," neno "alikuwa" linaitwa kitenzi kisaidizi. Limeubeba wakati uliopita ili kitenzi kikuu kibaki na kusoma tu. Nilipomweleza hivyo mwanangu wa darasa la sita akasema, "Kama saidia fundi." Kama saidia fundi, mwanangu, hasa.

Msaada ulipita njia nyingine. Kiarabu ni *musaa'ada*, jina lililokamilika, na lilipofika kwetu ile *mu-* ya mbele ikafanana na m- yetu ya mti na mkate. Likaingizwa katika ngeli hiyo na kupewa wingi: misaada. Msikiti na misikiti ilipita mlango huohuo. Ni mabadiliko madogo ya kisarufi, lakini tazama yalichofanya. Saidia haiwezi kutamkwa vizuri bila watu wawili ndani yake: ni-ku-saidie, tu-wa-saidie, a-li-ni-saidia. Msaada unaweza. Unahesabika kama miti, unabebwa, unashushwa bandarini, unapimwa kwa tani, unasitishwa, unarejeshwa, unaibwa. Unaweza kusema "misaada imechelewa" bila kumtaja mtoaji wala mpokeaji hata mmoja.

Wingi wake ndio una historia nzito zaidi. Umoja bado una joto. Mtu anaweza kusema "huyu binti ni msaada mkubwa kwangu" na ikawa sifa. Ukisema misaada, mtu wa rika langu anaona magunia yenye bendera za nchi za mbali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihangaika na jambo hilohilo mapema kabisa: lilizipitia fedha za nje, za bure, za mikopo na za mitaji, likaonya kwamba nchi ikizitegemea itaupoteza uhuru wake, na likatupa neno kujitegemea. Baadaye majina ya watoaji yakabadilika. Walikuwa wafadhili, wakawa wahisani, siku hizi katika hotuba wanaitwa washirika wa maendeleo. Nawaelewa waliotafuta jina jipya. Fadhili ni neno zuri, lakini lina kumbukumbu ndefu. Kanga zinatuambia heri kumfadhili mbuzi, utakunywa mchuzi wake. Anayefadhiliwa anaijua methali hiyo, na anajua kwamba anapimwa na mbuzi.

Serikali yenyewe, ilipotaka kuzifikia familia maskini kabisa kupitia TASAF, mfuko ulioanzishwa mwaka 2000, haikuuita mpango ule "msaada kwa kaya maskini." Iliuita Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kunusuru ni Kiarabu pia, ni kumtoa mtu hatarini, na kumetupa akina Nasoro na Mansuri. Kumetupa pia neno moja dogo ambalo huwa nalistaajabia. Tunasema "nusura agongwe," yaani alikaribia kugongwa. Tazama lilivyokaa: nusura ni ile nusuru yenyewe, wokovu. Kila tunaposimulia ajali iliyokaribia kutokea, lugha inamtaja aliyeizuia bila kumpa jina. Mjukuu wa yule mama hakupata nusura. Bibi yake alisema "aligongwa," neno moja, likaishia hapo.

Auni ni ndugu wa kimya wa familia hii. Tunamwachia Mungu zaidi: Mungu akuauni. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia konda amuauni.

Vijana nao wana yao. Nipige tafu, tupige jeki. Hiyo ya pili imetoka gereji, kwenye chombo kinachonyanyua gari ili gurudumu litolewe, na naona imechaguliwa vizuri kuliko inavyopewa sifa. Jeki hailibebi gari mpaka lifike. Inalinyanyua kwa muda, palepale lilipokwama.

Lakini kuna maneno ambayo mimi nayaweka mbele ya yote haya, na ni ya Kibantu, ya zamani, yasiyo na fahari. Mwanamke bombani ameijaza ndoo ya lita ishirini. Kuiinua hadi kiunoni anaweza. Kutoka kiunoni hadi kichwani peke yake ni kazi ya kuvunja shingo. Anamgeukia aliye karibu, hata kama hawajuani, anasema: "Nitwishe." Akifika nyumbani anasema: "Nitue." Abiria aliyesimama na begi kwenye daladala lililojaa hasemi lolote, aliyekaa ndiye anayenyosha mikono: "Lete nikupakatie." Anapakata begi, anapakata mtoto wa watu, anapakata mfuko wa samaki wanaovuja maji, kutoka Mbagala mpaka Kariakoo, na wanaachana bila kuulizana majina. Nipokee. Nishikie. Nisogezee. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji neno msaada. Kila moja linataja mzigo, linataja mahali unapokaa mwilini, kichwani, mapajani, mkononi, na linataja nani anaupokea kutoka kwa nani. Ukiambiwa nitwishe unajua ufanye nini na uishie wapi.

Shuleni tulisoma pia habari ya ujima, kulima shamba la huyu leo na la yule kesho. Tuliisoma katika historia, kama hatua iliyopita zamani, "mfumo wa ujima." Huko Marekani, tangu mwaka 1966, watu wenye asili ya Afrika wamelichukua neno hilo hilo na kuliweka kuwa moja ya misingi saba ya sikukuu yao ya Kwanzaa. Inanisikitisha kidogo kwamba sisi tulilipeleka makumbusho.

Basi siku ile, nilifanya nini na barua? Niliifuta mistari ya juu. Nikaandika YAH: MATIBABU YA MJUKUU WANGU. Chini nikaandika kama alivyosema mwenyewe, kwa maneno yake, nikinyoosha kidogo tu: kwamba chuma kinahitajika, kwamba yeye na jirani zake wamekwisha kupata laki mbili, kwamba anaomba ofisi imsaidie kufikisha kiasi kilichobaki, na kwamba anauza maandazi na anaweza kulipa kidogokidogo wakitaka. Ilikuwa barua nzuri. Mpaka leo naiona ni barua nzuri kuliko zote nilizochapa kibandani hapa. Alipomaliza kusomewa alisema, "Sasa hiyo ni mimi."

Kesho yake akarudi nayo. Mhudumu wa mapokezi alimwambia barua haijafuata utaratibu. Kichwa kiseme ombi la msaada, ndani ajieleze kwamba hana uwezo wowote, na ile sehemu ya laki mbili iondolewe kwa sababu inaonyesha anajiweza. Nikaona aibu kuliko yeye. Nikaiandika upya kama walivyotaka. Niliandika "mimi ni mjane nisiye na uwezo" na yeye akawa anatazama ukuta, kwenye bei. Halafu akatia dole gumba. Sikumtoza. Najua sasa kwamba nilikosea kutomtoza. Siku ya kwanza alinilipa kwa heshima zote na nikampa chenji. Siku ya pili, nilipoirudisha ile elfu moja mkononi mwake, na mimi nilikuwa nimempa msaada.

Ofisi ile haikumjibu. Pengine barua ilipotea, pengine zamu yake haijafika. Chuma kililipwa kwa njia nyingine, na nilikuja kuijua njia hiyo miezi minne baadaye, alipoingia tena akiwa na mjukuu anayetembelea magongo. Shikamoo, marahaba. Akakaa kwenye kiti kilekile. Alikuwa na karatasi ya daftari iliyoandikwa na mtoto, mistari imepanda na kushuka. "Nisaidie kuichapa hii," akasema, "herufi kubwa kubwa, nataka niibandike ndani. Na leo nalipa."

Ilikuwa orodha. Nikamwuliza kichwa cha habari tuweke nini. Alikuwa ameshakifikiria: WALIONIFAA. Nikaikumbuka methali mara moja, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na nikaona kwamba wahenga nao hawakusema "akusaidiaye."

Nikaanza kuchapa. Wanawake wa mchezo, waliompa zamu yake kabla haijafika. Mwenye nyumba, kodi ya miezi miwili aliyoacha kumdai. Muuza mkaa. Jirani wa mlango wa pili, kulala hospitali siku tatu. Mpwa, kuchangia damu. Dada wa wodini, kumwazima simu. Mwenye steshenari, barua mbili. Nilisita hapo, akaniambia niendelee.

Karibu na mwisho palikuwa na mstari ambao mtoto aliandika kisha akaukata, akauandika tena. "Kijana wa kwenye gari, alimpakata." Nikamwuliza ni nani huyo. Akasema siku wanatoka hospitali daladala lilijaa, mguu wa mtoto umenyooshwa kwa plasta, watu wanalalamika. Kijana mmoja alikaa chini kabisa, kwenye sakafu, akaupakata ule mguu mpaka Temeke mwisho.

"Jina lake hulijui?"

"Silijui."

"Niandike nani sasa, mama?"

"Andika hivyohivyo. Kijana wa kwenye gari."